Kiarmenia na Kibulgaria: undugu upo, ila si ule aliowaambia ajenti

Nimesoma swali lako. Mpwa wako kapata nafasi ya kusomea udaktari Plovdiv, Bulgaria, na nyingine Yerevan, Armenia, na ajenti akawaambia hizo lugha ni ndugu, akishika moja nyingine inakuja yenyewe. Huyo ajenti sidhani kama amewahi kununua hata mkate kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mimi nimekaa Plovdiv miaka sita, na chumba nilipanga kwa mama mmoja Muarmenia mzaliwa wa hukohuko, dukani na njiani ni Kibulgaria, akifunga mlango akimpigia dadake ni Kiarmenia mwanzo mwisho, kwa hivo zote mbili nilizisikia kila siku, na nakwambia nilipokuwa tayari nacheka na watu sokoni kwa Kibulgaria ile simu ya jioni bado nilikuwa siambulii kitu.

Undugu upo, zote ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Lakini Kibulgaria ni Kislavoni, kina ndugu wa tumbo moja, Kimasedonia, Kiserbia, Kirusi. Kiarmenia kina tawi lake peke yake, hakina ndugu wa karibu hata mmoja. Zamani hata wataalamu walidhani ni lugha ya jamaa ya Kiajemi manake maneno ya Kiajemi yamejaa tele (elfu kwao ni "hazar", Wabulgaria wanasema "hilyada" ambayo ni ya Kigiriki), mpaka Mjerumani Heinrich Hübschmann akaonyesha mwaka 1875 kwamba ukiyatoa yale ya kuazima inabaki lugha inayojitegemea. Niliposoma hio nilicheka peke yangu. Si ndo yaleyale ya wanaosema Kiswahili ni Kiarabu eti kwa sababu tuna kitabu na saa na hiyo "sababu" yenyewe?

Sasa ukitaka kuuona huo undugu angalia maneno ya zamani kabisa. Nyama Kibulgaria "meso", Kiarmenia "mis". Moyo "sartse" na "sirt". Mimi "az" na "yes". Hapo utasema kweli bana. Halafu unafika mbili, huku "dve" kule "yerku", dada ni "sestra" na "kuyr", na hayo pia yametoka shina moja ila yametembea mbali mpaka hakuna sura iliyobaki. Yaani ni kama binamu ambao wamekutana matangani wakiwa wazee, lazima mtu awatambulishe.

Na yale yanayofanana kwa sikio ndo mtego. Mwezi wangu wa kwanza bibi mmoja jirani akaniuliza habari za "baba", nikamweleza vizuri tu, yuko Mombasa, ana duka Mwembe Tayari, anafuga ndevu. Akanitazama sana. Kumbe "baba" kwa Kibulgaria ni bibi, nyanya. Baba mzazi ni "tatko", halafu ukivuka Yerevan "tatik" ni bibi tena. Hapo nikaacha kuamini masikio. Na kichwa pia, Mbulgaria akisema ndiyo anakitikisa kushoto kulia, akikataa anakiinua juu, wiki nzima nilikuwa nadhani muuza mkate hanitaki.

Kwenye sarufi ndo kuna raha. Kiarmenia hakina uke wala uume kwenye maneno, "na" ni yeye, mwanamume au mwanamke shauri yako, kama sisi. Kibulgaria kina jinsia tatu na kila kivumishi kinafuata, ila wewe umekua na ngeli, ki-vi li-ya, hizo tatu ni mchezo. Kiarmenia kinakurudishia taabu kwenye mwisho wa nomino, ya kitabu, kwa kitabu, kutoka kitabuni, kila moja na mkia wake, vitu ambavyo Kibulgaria kilishavitupa zamani kikabaki na vihusishi tu. Ila kitu kimoja nilikipenda sana, "girk" ni kitabu, "girks" kitabu changu, "girkd" kitabu chako, ni mamangu na babako hiyo, mkia mfupi unamaliza kazi.

Na kuna hii ambayo mpwa wako ataikuta wodini. Mbulgaria akisema "izpi hapcheto" ni kwamba mgonjwa amemeza kidonge, mimi nimeona. Akisema "izpil hapcheto" ni kwamba eti kameza, nimeambiwa. Herufi moja! Sisi tuna "eti" na "ati", wao wameitia ndani ya kitenzi, na mimi siku moja niliripoti mgonjwa kwa hio ya kwanza wakati nilikuwa nimesimuliwa tu na mkewe, daktari mkubwa akaniuliza mbele ya wenzangu kama nilikuwa nimesimama pale na glasi ya maji. Mama mwenye nyumba naye Kiarmenia chake kina kitu cha namna hio. Undugu? Wengi wanasema ni Kituruki, kinacho pia, na wote hao waliishi chini ya Waottomani, ile dola ya Kituruki, karne na karne.

Sauti: Kiarmenia cha Yerevan kina p tatu, b halafu p kavu halafu p yenye pumzi. Mtu wa bara atalia. Mimi nyanyangu ni Mvita, paa la nyumba na paa wa mwituni hayatamki sawa, kwa hivo nilikuwa na pa kuanzia. Lakini angalieni, Kiarmenia cha Plovdiv ni cha magharibi na cha Yerevan ni cha mashariki, na herufi zilezile wanazisoma kwa kugeuza. Kanisa lao la mji mkongwe wa Plovdiv ni Surp Kevork, yaani Mtakatifu George, Yerevan huyo mtakatifu ni Gevorg. Bedros ni Petros. Nilienda kule wiki tatu na vijineno vyangu vya jikoni, wakaniuliza nimefunzwa na bibi gani.

Maandishi yasimtishe. Kisirili cha Kibulgaria herufi 30, wiki moja anasoma mabango. Zile 39 za Kiarmenia (36 alizianzisha mtawa Mesrop Mashtots mwanzoni mwa karne ya 5, nyingine zikaongezwa baadaye), mpe mwezi.

Kama ni mimi ningemwambia aende Plovdiv, kwa lugha tu, mengine ya ada mtajua wenyewe. Na popote atakapoenda, kushukuru asijivunje ulimi na "blagodarya" wala "shnorhakalutyun". Kote kuwili mtaani wanasema "mersi".