Kumshinikiza mbunge azuie fedha za vita vya Yemen: yafaa katika sheria ya Kiislamu?

SWALI (mwaka 2019): Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, sasa ni raia wa Marekani na naishi Columbus, Ohio. Babu yangu mzaa baba alitoka Hadhramaut, Yemen. Pamoja na majirani Wakristo, tunawapigia simu na kuwaandikia wabunge wetu wazuie msaada wa Marekani kwa Saudia katika vita vya Yemen. Ndugu mmoja msikitini anasema ni haramu kutaka msaada kwa wasio Waislamu dhidi ya Waislamu, na kwamba tunawapiga vita walinzi wa Haram mbili za Makka na Madina, yaani Saudia. Tena Rais Trump amekwisha kulipigia kura ya turufu azimio la Bunge la kuzuia msaada huo. Je, tuendelee? Na kodi ninayolipa, nina dhambi kwayo?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Endeleeni.

Ndugu yenu amechanganya mambo. Kumwita asiye Muislamu aje ampige Muislamu ni jingine kabisa. Nyinyi mnamwambia mbunge wenu, anayeidhinisha matumizi ya mali yenu, aache kusaidia vita vinavyoua Waislamu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Bukhari: "Msaidie ndugu yako, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa." Akaulizwa, huyo dhalimu atasaidiwaje? Akajibu kwamba umzuie na dhulma yake. Huko ndiko kumsaidia. Basi anayeizuia Saudia isidondoshe bomu juu ya watoto anaitakia kheri Saudia yenyewe. Heshima ya Makka na Madina haihamii kwenye ndege ya muungano unaoongozwa na Saudia iliyopiga basi la wanafunzi pale Dahyan, mkoa wa Saada, tarehe 9 Agosti 2018, wakafa watoto 40. Wala haihamii kwenye ndege zilizopiga ukumbi mjini Sanaa, Oktoba 2016, watu wakiwa wamekuja kutoa rambirambi. Nasema haya bila kuwatetea Wahouthi, kundi la Yemen linalopigana na muungano huo. Wao nao waliuzingira mji wa Taiz na kutega mabomu ya ardhini njiani mwa raia, na dhulma yao ni dhulma vilevile.

Ama kushirikiana na Wakristo, Mtume alihudhuria mkataba wa Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an kabla ya utume, watu wa Makka walipoapiana kumtetea aliyedhulumiwa. Baadaye akasema kwamba lau angeitwa katika mkataba kama ule akiwa ndani ya Uislamu, angeitikia. Na Jaafar bin Abi Talib alisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha, akawatetea kwa hoja Waislamu wanyonge waliokimbilia kwake. Sioni tofauti kubwa kati ya kisimamo kile na barua zenu.

Kuhusu kodi, Allah anasema katika Suratul-An'aam kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Kodi unatozwa kwa nguvu ya sheria, na hiyo hiyo ndiyo inayojenga shule na barabara. Dhambi ya bomu ni ya aliyeamuru, aliyeliuza akijua linakokwenda, na aliyelidondosha. Lakini hapa sikuachi, binti yangu. Hadithi ya kuondoa munkar, yaani uovu, imetaja mkono, kisha ulimi, kisha moyo kwa asiyeweza. Jamaa zako wa Lamu hawana kura Marekani. Wao wana dua na sadaka. Wewe una kura na una ulimi unaosikilizwa. Mwenye ulimi hana ruhusa ya kujificha nyuma ya moyo.

Umekata tamaa kwa sababu ya turufu, nami nakuelewa. Seneti ilipitisha azimio hilo tarehe 13 Machi mwaka huu wa 2019 kwa kura 54 kwa 46, Baraza la Wawakilishi likalipitisha 247 kwa 175, Rais akalikataa Aprili 16. Tarehe 2 Mei Seneti ikapata 53 tu ilhali theluthi mbili ndiyo iliyotakiwa kuipindua turufu. Soma Suratul-A'raaf, aya ya 164. Kile kijiji cha kando ya bahari, watu wake walivua samaki siku waliyokatazwa. Baadhi yao wakawauliza waliokuwa wakikemea: mnawawaidhia nini watu ambao Allah atawaangamiza? Wakajibu: ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wenu, na huenda wakamcha Mungu. Huo udhuru ndio utakaoulizwa, na turufu ya Rais haiwezi kukunyang'anya.

Pia azimio si mlango pekee. Katiba ya Marekani inakataza fedha kutoka hazina bila sheria ya Bunge, na mwaka wa fedha huanza Oktoba 1. Mwaka 1973 Bunge lilikata fedha za vita vya Indochina (Vietnam na jirani zake), na mabomu ya Marekani yakakoma Kambodia tarehe 15 Agosti mwaka huo. Kwa hiyo katika miezi hii ya bajeti, ombeni kwa uwazi: kusiwe na fedha za kuusaidia muungano wa Saudia kivita Yemen.

Masharti ni machache. Semeni kweli, msizidishe idadi ya waliokufa, maana iliyopo inatosha kuliza. Anayepokea simu ofisini mara nyingi ni kijana mwajiriwa asiyeamua chochote. Musa na Harun walitumwa kwa Firauni na wakaamrishwa maneno laini, sembuse kijana huyo. Mpeni jina na mtaa wenu, mtajieni mnachotaka, na mumwombe mbunge awajibu kwa maandishi atakavyopiga kura.

Wallahu a'lam.