Barua kwa mwanangu: Bingwa na farasi

Kwako mwanangu Rehema,

Salamu zako zimefika, sisi huku wazima. Unasema umeona picha ya Jesse Owens, yule mkimbiaji mweusi wa Marekani, akikimbizana na farasi, ukaniuliza iweje mtu aliyemtia Hitler aibu kwenye Olimpiki kule Berlin akubali kujishusha hivyo kwa ajili ya pesa. "Baba, hiyo si fedheha?" Fedheha ipo, mama, ila umemtwisha asiyestahili.

Owens alizaliwa mwaka 1913 Oakville, Alabama, kitinda mimba wa watoto kumi. Baba yake alilima pamba kwenye shamba la mtu na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Walipohamia Cleveland, kijana akawa anafanya kazi kwa fundi viatu baada ya shule, kwa hiyo kocha wake, Charles Riley, alimfundisha asubuhi kabla ya masomo. Chuo kikuu cha Ohio State hakikumpa ufadhili. Akaendesha lifti ili apate karo. Kulala bwenini na wenzake weupe ilikuwa marufuku, na timu ikisafiri, weusi wanatafuta hoteli yao. Mtu huyohuyo, tarehe 25 Mei 1935 kule Ann Arbor, huku mgongo unamuuma, alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne, yote ndani ya dakika 45. Alivyoruka mita 8.13 siku ile, dunia ilingoja miaka 25 hadi apatikane wa kumpita.

Ya Berlin 1936 unayajua: mita 100, mita 200, kuruka mbali, kupokezana vijiti. Dhahabu nne.

Sasa sikia yaliyofuata, maana hayo hayapigwi picha. Chama cha riadha cha Marekani kiliwazungusha wanariadha Ulaya wakimbie. Viingilio vinaenda kwa wakubwa, wakimbiaji ni wa ridhaa, hawagusi hata senti. Owens akachoka, akagoma kwenda Sweden. Wakamfungia asishindane. New York ilimpokea kwa shangwe barabarani, halafu kwenye tafrija yake mwenyewe katika hoteli ya Waldorf-Astoria akapandishwa kwa lifti ya mizigo. Rais Roosevelt hakumpelekea hata simu ya pongezi.

Na nyumbani kuna mke na mtoto wanataka kula. Desemba ya mwaka huohuo, Havana, Cuba, akashindana na farasi aitwaye Julio McCaw. Alitangulizwa yadi 40, akashinda. Baadaye alieleza siri ya mbio zile: tafuta farasi wa mbio wa damu safi, maana hao ni waoga mno, kisha bastola ya kuanzishia ilie karibu kabisa na sikio lake. Mnyama anashtuka, anarukaruka, mpanda farasi anahangaika kumtuliza, na Owens huyoo kashapotea. Mtu anayepanga hivyo mimi simwoni amedhalilika. Namwona yuko kazini. Mwenyewe alisema medali nne za dhahabu haziliwi. Alijaribu pia biashara ya udobi, ikamtupa, na mwaka 1939 akatangazwa amefilisika.

Mimi nina lawama yangu, lakini si ya farasi. Olimpiki ya mwaka 1968, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi jukwaani Mexico kupinga ubaguzi, Owens alikuwa upande wa wakubwa wa Olimpiki, akiwaona vijana wamekosea. Mtu wa lifti ya mizigo! Miaka minne baadaye akaandika kwamba amebadili mawazo. Mama yako anasema hiyo inatosha, tumsamehe. Mimi bado nasitasita, kwa sababu vijana wale walikuwa wameshatimuliwa kwenye timu, na walimhitaji siku ileile.

Ukija Pasaka uje na hoja zako. Mama yako anakusalimu, na anasema ile chaja uliyoisahau anaitumia, usiiulizie.

Ni mimi baba yako.