Sikuja kwa sababu niliwakumbuka

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika tano zilikwenda kwenye salamu na habari za watu. Swali lenyewe likaja mwishoni, haraka haraka, kama mtu anayekopa: "Hivi wewe unaishi wapi hasa? Mara uko Ureno, mara Thailand, mara tunaamka tunakukuta sebuleni. Nauli unatoa wapi? Na mimi naweza?" Nimejaribu kumjibu kwa sauti mara tatu, kila mara nafuta. Basi naandika, na kwa kuwa najua si yeye peke yake anayejiuliza, hili ni lenu nyote.

Nianze na linalonisuta. Mnakumbuka ule mwaka nilipotokea bila taarifa, nikabisha hodi usiku na begi moja mgongoni? Mama alilia. Alisema alikuwa ameniota wiki nzima, na kwamba moyo wangu ulisikia. Hadithi hiyo imesimuliwa mpaka harusini. Nami nimekuwa nikitabasamu tu kila inaposimuliwa, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikosea kuhesabu.

Nchi 29 za Ulaya ziko ndani ya eneo moja linaloitwa Schengen. Mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kukaa humo siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo ni za eneo zima, si za kila nchi. Kutoka Ureno kwenda Ujerumani hakukuanzishii hesabu mpya. Halafu zile 180 hazianzi Januari wala siku uliyopewa viza. Kila unapoamka unahesabu kurudi nyuma siku 180 na kuuliza: humo ndani nimekaa ngapi? Jana jibu lilikuwa moja, leo ni jingine. Kitu nilichokuwa sijakitia akilini ni kwamba siku ya kuingia inahesabiwa nzima, hata kama ndege imetua saa tano na nusu usiku, na siku ya kutoka vilevile.

Basi usiku mmoja, kama saa saba hivi, nikawa nimekaa kitandani na pasipoti na kipande cha bahasha, nahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa na safari mbili za nyuma na ile niliyokuwa nayo. Nilijua nimetumia siku 83, na tiketi yangu ilikuwa ya siku sita mbele, kwa hiyo raha mustarehe. Nikaongeza siku za kuingia na kutoka za zile safari mbili, nne. Nikaongeza ile niliyotua safari hii. Themanini na nane. Nilirudia nikidhani nimesinzia. Themanini na nane tena. Yaani nilikuwa na kesho na keshokutwa, na keshokutwa yenyewe lazima iwe ya kuondoka. Ukizidisha hata siku moja jina linabaki kwenye mtambo wao, na ukiomba viza nyingine unaanza kujieleza.

Nikafungua kompyuta kutafuta tiketi. Ya wapi? Kila nchi niliyoifikiria ilitaka viza, na viza haitoki kwa siku mbili. Nchi pekee ambayo isingeniuliza kitu ilikuwa yetu. Ndivyo nilivyokuja. Samahani, Mama.

Siku hizi ujinga ule ni mgumu zaidi kuufanya, maana tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mtambo unaochukua picha ya uso na alama za vidole mpakani mahali pa muhuri, na hesabu inajifanya yenyewe. Kuna pia kikokotoo rasmi cha siku kwenye mtandao. Kilikuwepo hata wakati ule. Sikukitafuta kwa sababu nilijiona najua hesabu.

Na nikiwa kwenye kusema ukweli, niseme na hili: viza niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya matembezi. Mimi nilikuwa nafanya kazi kila siku, mlango umefungwa, kompyuta magotini. Nilijiambia mteja wangu yuko Marekani, hela inatoka Marekani, simnyang'anyi Mreno kazi. Hoja tamu sana ukiwa peke yako chumbani. Mbele ya afisa wa mpakani haina miguu. Nilifanya hivyo, niliponea, na simshauri mtu.

Kinyume cha kule kuja bila taarifa ndicho mlichonichukia nacho. Shangazi alipofariki sikuja. Nilituma hela, nikapiga simu, nikasikia ukimya wa watu wanaojizuia kusema. Baadaye nikaambiwa kuna aliyesema "hela anayo, nauli imemshinda nini?" Nauli haikunishinda. Nilikuwa na viza ya kuingia mara moja tu, na aina hiyo ukitoka nje ya mpaka imekufa hata kama imebakiza miezi. Kuipata tena ni kupanga foleni upya: fomu, barua za benki, bima ya safari, miadi ambayo ubalozi unakupa wao wanapotaka. Kazi nayo ilikuwa na tarehe ya kukabidhi wiki ile ile. Nilikaa na simu mkononi nikapima, na nikachagua kubaki. Nasema nilichagua, kwa sababu kwa muda mrefu nimekuwa nikisema viza ilinizuia, kana kwamba viza ina mikono. Nilikuja bila kuitwa, na nilipoitwa sikuja. Mkiweka safari zangu zote mezani mtaona nyingi zimepangwa na kalenda ya uhamiaji. Mapenzi yapo, lakini si yanayokata tiketi.

Sasa binamu, kuhusu kuishi wapi. Siku hizi natumia viza zilizotengenezwa kwa watu wa kazi zangu, wanaofanya kazi kwa mtandao kwa mwajiri wa nje ya nchi waliyomo. Estonia walianza mwaka 2020, Croatia 2021, Ureno mwishoni mwa 2022, Hispania 2023, Thailand 2024. Kila mmoja ana masharti yake, ila moyo wa jambo ni ule ule: onyesha kwamba hela inatoka kwingine na inatosha. Ureno wanataka kipato cha mwezi kisichopungua mara nne ya kima chao cha chini cha mshahara. Ya Croatia ikikwisha lazima ipite miezi sita kabla ya kuomba tena. Ya Thailand inadumu miaka mitano, kila ukiingia unapewa siku 180.

Hapo Thailand kuna mtego ambao nusura uninase. Siku 180 za kukaa ni zawadi nzuri, lakini sheria yao ya kodi nayo inasema mtu aliyekaa siku 180 au zaidi ndani ya mwaka wa kalenda ni mkaazi kwa mambo ya kodi, yaani anaweza kudaiwa kodi huko. Namba moja, milango miwili. Mwaka wa kwanza niliondoka nikiwa nimebakiza siku kumi na moja, na mwenye nyumba hakuelewa kwa nini nakimbia nyumba niliyoilipia. Nchi nyingi nyingine mstari wao uko kwenye siku 183. Na msidanganywe na wale wanaosema ukizunguka vya kutosha hudaiwi na yeyote. Nchi yako mwenyewe inaweza kukudai hata ukiwa hukukaa sana, inategemea sheria zake na kama una makao ya kudumu huko. Mimi nina mhasibu, na kumlipa kunaniuma, lakini nalala.

Kwa hiyo kodi ninazo mbili, ya serikali na ya pango, na ya pango ndiyo inayonimaliza. Nikija kwenu wiki sita, chumba cha kule kinaendelea kudai. Nikikiachia, nikirudi natafuta kingine na kulipa amana upya. Nina sufuria katika nchi mbili na koti la baridi kwenye stoo ya rafiki ambaye ameshahama mara moja nalo.

Nauli natoa kwenye mshahara, ila usisikie mshahara ukadhani ni ule wa mwajiriwa. Mimi ni mtu wa mkataba. Nalipwa kwa saa nilizofanya. Hakuna likizo, hakuna siku ya kuumwa. Siku ninayopaa angani ni siku isiyolipwa, na ile ya kusubiri ndege ya kuunganisha pia, isipokuwa nipate mtandao wa uwanjani na soketi inayofanya kazi. Nimewahi kumalizia kazi nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mashine ya kuuzia soda, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na soketi nyuma yake.

Ndiyo maana nikija nyumbani sipo likizo. Hili nimewaeleza kwa mdomo, halikuingia, na nadhani ni kosa langu kwa sababu nalisema nikicheka. Ofisi yangu inafungua jua linapokuchwa kwenu. Wakati nyinyi mnakaa pamoja, mnaanza stori, mimi naingia chumbani. Mnafunga milango kwenda kulala, mimi niko katikati ya kikao. Nalala alfajiri, naamka mchana, na Mjomba anakuta mtu mzima kajifunika shuka saa sita anauliza kwa sauti ya kunisikilizisha: "Huko Ulaya ndiko wanakofundisha hivi?"

Safari iliyopita Mama alifungua mlango kidogo, kama saa nane usiku. Mimi nilikuwa nazungumza na watu wanane kwenye skrini, nikieleza kwa nini programu ilianguka. Akasimama pale na kanga begani akisikiliza Kiingereza changu, sauti imepanda. Akaja kwa kunyata, akainama nje ya kamera, au alivyodhani ni nje ya kamera, akaninong'oneza, "Wanakugombeza?" Watu wote wanane walimwona. Mmoja akampungia mkono. Mama akajibu kwa kupunga, halafu akavuta kiti, akakaa pembeni mpaka kikao kikaisha, kuhakikisha hawanionei.

Mtaona pia saa zangu zinahama. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, Wazungu wa Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na sisi hatusogezi kabisa. Nikiwa Ureno kuna wiki mbili tatu ambazo kikao cha siku zote kinakuja saa moja kabla ya kawaida. Mwaka mmoja niliingia kwa wakati, kwa saa yangu, nikakuta wanaagana.

Na laini yangu ya nyumbani, mnaoniambia "tunapiga haipatikani": niliiacha bila kuitumia miezi mingi, ikafungwa. Benki ilikuwa inatuma namba za siri za kuingilia kwenye laini hiyo hiyo. Nilikaa karibu mwezi mzima nina hela nisizoweza kuzigusa, nikila kwa mkopo wa rafiki, huku mnanipigia kwenye namba nyingine mkiniomba mchango. Sikusema. Niliona aibu kusema niko ughaibuni na sina kitu.

"Na mimi naweza?" Binamu, unaweza, lakini umelishika swali kwa mkia. Unauliza viza, na viza ndiyo ya mwisho. Ya kwanza ni kazi ambayo mtu aliye mbali atakulipa bila kukuona, na kazi hiyo unaianzia hapo hapo ulipo. Mimi nilifanya miaka miwili nikiwa chumba kile kile alimonikuta Mama, kabla sijapanda ndege yoyote. Ukiwa na mkataba na miezi kadhaa ya malipo inayoonekana benki, hapo viza inakuwa karatasi tu. Usipokuwa navyo, wakala atakayekuahidi njia ya mkato atakula hela yako. Na usome mkataba wenyewe: waajiri wengi hawataki ufanye kazi ukiwa nchi ambayo hawajaijua, kwa sababu unaweza kuwaletea kodi na wao. Kuna mwenzetu aliondoka kimya kimya akidhani hawatajua. Walijua siku ya tatu, kompyuta ya kazi iliwaambia iko wapi.

Swali la naishi wapi bado sijalijibu, naona. Kwenye fomu naandika anwani ya chumba nilichomo. Panapoulizwa mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, naandika namba ya Mama.

Nakuja Desemba, wiki tano, na hizi nimezihesabu kwa kikokotoo. Wiki ya mwisho sifanyi kazi, nimeshawaambia ofisini, kwa hiyo kama kuna shughuli mnataka niwepo kwa akili na mwili, iwekeni hapo. Zile nne za mwanzo, mlango wangu ukifungwa jioni sijanuna. Watoto wasigonge. Mama anaweza kuingia, ila apitie upande wa dirisha, kule kamera haifiki.