Padre kapanda melini, anataka nini na mwanangu?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi mama wa Likoni, kijana wangu baharia wa meli ya mizigo. Juzi kanipigia kutoka Durban kwa laini aliyoipata kwa padre, chapleni wa bandari, ati kapanda melini akaketi nao, akawauliza mpaka kama mshahara unaingia. Sisi Waislamu, hata usingizi siupati. Huyu mtu anataka nini?

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole na wasiwasi. Huyo hakuja kumbatiza mtu, kazi yenyewe haimruhusu kumsukumia baharia dini. Kuna wa Mission to Seafarers, chama cha Kianglikana kilichoanzia Uingereza 1856 na hapa Mombasa kina kituo, kuna na Stella Maris ya Wakatoliki, na wakipanda meli hawachagui, Mfilipino, Mhindi, Mswahili, wote wao. Wanakuja na laini na bando maana siku hizi meli nyingi hazikai gatini, masaa machache tu ishaondoka, kijana hapati hata nafasi ya kushuka kutafuta vocha.

Sasa hilo la mshahara ndio kubwa na ndio mimi nawapendea hawa watu. Mule ndani ukilalamika kwa kepteni unaogopa hutaitwa tena, ejenti ni mtu wa kampuni, na wewe mama uko Likoni. Chapleni halipwi na mwenye meli. Akikaribishwa chai mesi, chumba cha kulia mabaharia, anaona chakula kilivyo, anaona nani kanyamaza kupita kiasi, na akiambiwa hatujalipwa anajua pa kubisha hodi, kwa mkaguzi wa ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi. Sheria ipo mama, mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, baharia asipolipwa miezi 2 anahesabiwa katelekezwa na bima ya meli inatakiwa imrudishe kwao na imlipe anachodai mpaka miezi 4, lakini mtu yuko katikati ya bahari, hiyo sheria ataidai kwa nani kama hakuna anayepanda kumuuliza?

Mwambie apige picha mkataba na karatasi za mshahara akutumie na wewe uziweke, na namba ya huyo padre asiifute. Dini yake iko palepale, tena meli ikiwa gatini Ijumaa akitaka kwenda msikitini amwambie huyohuyo padre, wanaombwa sana lifti ya hivyo na wanapeleka.