Hesabu za uthabiti wa mtiririko: laptop sio tatizo

Wadogo zangu wa hisabati huku Mtwara wananiuliza sana kama hesabu za kujua maji yatatulia au yatavurugika zinawezekana kwa laptop ya kawaida. Zinawezekana bana, mi nazipiga hapa Shangani kwa mashine kuukuu na Python ya bure, mlinganyo wa Orr-Sommerfeld (ndo unaosema wimbi dogo ndani ya maji litakua au litafifia) ukiwa matriksi, yaani jedwali la namba, ya 100 kwa 100 unaisha hujameza mate, hata umeme ukikatika betri inatosha.

Kazi ni kujua kama jibu ni la kweli. Kabla hujagusa tatizo lako chukua maji kati ya kuta mbili bapa, kasi U = 1 − y² (y ni umbali toka katikati), namba ya Reynolds 10000 (kasi mara upana, gawa kwa mnato), alfa 1 (namba ya wimbi), tumia polinomia za Chebyshev maana pointi zake zinajazana karibu na kuta na huko ndo mambo yanabadilika haraka. Egenivalyu ni namba maalum za matriksi, kila moja inabeba wimbi lake, sehemu yenye i ikiwa chanya wimbi linakua. Inayokua hapa lazima itoke 0.23752649 + 0.00373967i, ndo aliyopata Orszag 1971. Isipotoka kagua ukutani kwanza, kasi ya wima iwe sifuri na mteremko wake pia uwe sifuri, huu wa pili watu wanausahau. Halafu panda kutoka pointi 50 mpaka 80, mpaka 100: za kweli zinabaki palepale, za uongo zinarukaruka na zingine zinakuwa kubwa ajabu, tupa.

Na ukisikia huyu anasema kuyumba kati ya kuta hizo kunaanzia Reynolds 5772 na yule 7696 usiwagombanishe, wa kwanza kapima kwa kasi ya katikati na nusu upana, wa pili kwa kasi ya wastani na upana wote.

Sasa bomba la mviringo (ukisema bomba huku watu wanawaza gesi ya Madimba, mi naongelea maji). Egenivalyu zake zote ni za kufifia hata upandishe namba ya Reynolds kiasi gani, lakini Osborne Reynolds mwenyewe, mwenye hiyo namba, kule Manchester 1883 alitia rangi kwenye maji akayaona yanavurugika, na mabomba ya kawaida yanaanza vurugu karibu na 2000. Ni kwamba visumbufu vidogo vikijumlishana vinaweza kukua mara nyingi sana kabla ya kufa, jambo ambalo mwanahisabati Trefethen na wenzake walilieleza vizuri 1993. Kwa hiyo usiandike "tulivu" kwa egenivalyu peke yake, piga na huo ukuaji wa muda mfupi, scipy (maktaba ya Python) inayo expm tayari, ya kupiga eksponenti ya matriksi, ila pima kwa nishati ya maji yenyewe, la sivyo jibu litabadilika kila ukibadili pointi.