Daftari la wamotari lisiandike kila kitu

Chama chochote cha wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kiwe kikubwa au cha kijiweni tu, huanza na daftari. Mtu akija kujiandikisha huulizwa jina, simu, mtaa, nambari ya plaki na ya chasisi, kisha katibu mwenye bidii huongeza kopi ya kadi ya mpiga kura, kundi la damu, jina la mke na hata dini. Nimekuwa katibu kwa muda wa kutosha kuona kwamba mengi ya maswali hayo huulizwa kwa mazoea tu, na majibu yake hayafunguliwi tena. Ushauri wangu kwa makatibu wenzangu ni huu: kabla ya kuchora safu mpya, jiulize itakufanyia kazi gani, na kama kazi haionekani, usiichore.

Chukua kundi la damu. Safu hiyo iliwekwa kwa nia njema, kwa kuwa ajali zetu si haba. Lakini hospitali haimwongezei majeruhi damu kwa kutegemea maandishi ya kijiweni. Maabara hupima kwanza damu ya mgonjwa na kuilinganisha na ile atakayopewa. Kinachosaidia kweli usiku wa ajali ni jina na simu ya mtu mmoja wa kuitwa, na huyo naye aombwe ruhusa, kwa sababu nambari ni yake wala si ya motari. Safu ya damu tuliifuta.

Kopi ya kadi ya mpiga kura ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kadi hiyo, ambayo kwetu imeshika nafasi ya kitambulisho kwa miaka mingi, haina jina na picha peke yake: ina majina ya baba na mama, mahali pa kuzaliwa, asili ya mtu na anwani yake. Katika mji uliobadilika mikono Januari 2025, na ambamo kuulizwa asili yako halijawa swali jepesi hata siku moja, bahasha iliyojaa kopi kama hizo ni mzigo ambao sitaki ulale nyumbani kwangu. Inatosha katibu aione kadi, alinganishe sura na picha, aandike kwamba ameiona, kisha amrudishie mwenyewe palepale. Anayelazimika kupigisha kopi asiondoke bila zile zilizoharibika; nimewahi kuuziwa karanga Birere zikiwa zimefungwa katika nusu ya kopi ya kadi ya mtu, jina la mama yake likisomeka vizuri kabisa.

Kutuma picha ya kadi kwenye kundi la WhatsApp ni kubaya zaidi, maana kila aliyemo hubaki nayo katika simu yake, na kumwondoa mtu kundini hakumwondolei alichokwisha kupokea. Kama hakuna budi, itumwe kwa katibu peke yake, naye aifute akimaliza kuitazama.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2006 kinalinda maisha binafsi ya kila mtu, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inampa mwenye taarifa haki ya kuziona, kuzirekebisha na kuomba zifutwe. Kwetu tumeitafsiri hivi: mwanachama akitaka kuona ukurasa wake huonyeshwa bila kuulizwa sababu, na akihama chama jina lake hufutwa, isipokuwa anapodaiwa likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu.

Kuna daftari jingine ambalo viongozi hulisahau, nalo ni simu ya motari mwenyewe. Mteja wa kila siku huhifadhiwa kwa jina kama "Mama Himbi geti jekundu saa 11". Himbi ni mtaa, kwa hiyo maneno hayo machache yanamweleza asiyemjua mama huyo anakaa wapi na anatoka saa ngapi alfajiri, kungali giza. Siku simu inapoazimwa, inapoibwa au inapouzwa bila kufutwa, habari hiyo huenda nayo. Andika jina tu. Geti utalikumbuka ukifika. Na nambari uliyopewa ili umfuate abiria si ya kumsalimia nayo usiku, jambo ambalo wateja wa kike wamelilalamikia mno.

Mara nyingi mtu hunijia akitaka nambari ya motari fulani: kasahau mfuko, anadai deni, au anasema ni shemeji yake. Huenda ni kweli. Simpi. Nachukua nambari yake yeye na shida yake, nampigia motari mbele yake, na kama motari anataka kuzungumza naye, atampigia mwenyewe.