Maswali ya Wasomaji: Penzi la Utotoni Mbele ya Kamera

SWALI: Natengeneza filamu fupi ya dakika 12. Mvulana na msichana, wote wa miaka 12, wanatoroka nyumbani na kwenda ufuo wa Dunga, kwenye Ziwa Viktoria, kutafuta mtumbwi. Nataka filamu iwe na hali ya kindoto. Nimewaandikia maneno matamu ya mapenzi, lakini wakiyasema wanaonekana kama watu wazima waliopunguzwa kimo. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Umekosea kwenye hayo maneno matamu. Mtoto wa miaka 12 hamwambii mwenzake kwamba hawezi kuishi bila yeye. Humwekea nusu ya andazi mfukoni mpaka likauke. Chukua mswada, futa kila sentensi inayotaja mapenzi, kisha mahali pake weka kazi ya mikono. Mvulana afunge kamba ya mtumbwi vibaya; msichana aifungue, aifunge upya, asiseme neno. Fundo liwe gumu kwelikweli, na wafundishwe asubuhi ileile ya kupiga picha. Ukiwafundisha wiki moja kabla watakuwa wamelizoea, na badala ya kulifunga wataliigiza. Mtoto anayehangaika na kamba husahau kamera, na uso wake hapo ni dhahabu.

Usiwakaririshe. Mnong'oneze kila mmoja haja yake, mwenzake asisikie: "Unaitaka ile darubini, lakini unaona haya kuiomba." Wakichanganya Kijaluo na Kiswahili, waache. Na busu usilipige. Vidole viwili vikigusana kwenye kasia vinatosha, tena vinauma zaidi.

Kamera ishuke hadi kimo cha macho yao, kama sentimita 135 kutoka ardhini. Ukiiacha kwenye kimo chako utawatazama kama mzazi anayetafuta kosa. Ile hali ya kindoto unayoitamani haitoki kwenye vichekesho. Simamisha kamera mbele yao moja kwa moja, waweke katikati, usiisogeze, nao wachukulie safari yao kwa uzito kama ya mabaharia. Chagua rangi tatu tu za nguo na vyombo. Piga picha 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na mwendo usiolingana nao unaweza kuzifanya taa za ndani zipepese.

Kuhusu Dunga: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na huku kwenye ikweta huanguka moja kwa moja. Mwanga mzuri haufiki nusu saa kabla haujaisha, kwa hiyo fanyeni mazoezi yote kabla ya saa kumi na moja. Mazungumzo rekodi asubuhi. Alasiri upepo wa ziwa huingia kwenye maikrofoni. Gugumaji nalo ndilo huwaponza wengi: upepo ukigeuka, linahama, na maji yaliyokuwa wazi saa nne yanakuwa kijani saa tisa. Maliza onyesho zima la majini kwa mkupuo mmoja. Mtumbwi ufungwe kwa kamba ndefu iliyozama, maji yasipite magoti, na mtu mzima anayejua kuogelea akae karibu, nje ya picha. Watoto wavae jaketi za kuokolea hata wakati wa mazoezi.

SWALI: Filamu yetu ni ya watoto wanaoandikiana barua mwaka 1996, hapa Nakuru. Nini kitatuumbua?
— Kikundi cha vijana, Nakuru

JIBU: Mambo matatu. Kwanza ni magari ya abiria: mstari wa manjano kwenye matatu ulianza mwaka 2004, kwa hiyo msipige barabara kuu. Tumieni vichochoro vya mtaani. Pili ni pesa: sarafu za wanyama ni za 2018, na mtoto wa 1996 akinunua stempu alishika sarafu yenye kichwa cha Moi. Watafuteni wazee, wengi bado wanazo kwenye mikebe. Tatu ni mifuko ya plastiki: ilikuwa kila mahali enzi hizo, lakini imepigwa marufuku tangu 2017. Msiitafute, wafungieni barua kwenye gazeti kuukuu.